Sekunde ya Pili ya Nazi

Leo nataka tuzungumze juu ya vitu vinavyoanguka, na hasa juu ya swali moja: kitu kikiachiwa kutoka juu, bila kusukumwa wala kurushwa, kitakuwa kimeshuka umbali gani baada ya muda fulani? Nimelichagua swali hili kwa sababu jibu lake anaweza kulipata mtu yeyote anayejua kuzidisha. Tena nimelichagua kwa sababu wengi wetu, hata tuliolisoma darasani, tunalikadiria vibaya, na kukadiria vibaya huko kunaumiza watu.

Tuanze na mnazi. Chukua mnazi mrefu, wa mita 20 hivi, kama ile ya zamani unayoiona Mafia, Tanga au Bagamoyo. Mkwezi yuko kileleni, amejibana kwenye shina, anaizungusha nazi moja mpaka kikonyo kinakatika. Nazi inachomoka. Tangu inapochomoka mpaka inapogonga ardhi ni sekunde 2 tu. Sasa jiulize: sekunde 1 ikishatimia, nazi hiyo iko wapi? Wengi watasema iko katikati ya safari, mita 10 kutoka chini. Sivyo. Imeshuka kama mita 5 tu. Ukiitazama kwa mbali utasema bado iko kule kule juu. Mita 15 zilizobaki, robo tatu ya safari nzima, inazimaliza katika sekunde ya pili.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu aliye chini, akiinua macho na kuiona nazi imeanza kushuka, huhisi ana nafasi, kwa sababu mwanzo wa mwanguko ni wa polepole na jicho huamini kwamba utaendelea hivyo hivyo. Na kama anategemea sauti ya mkwezi, sauti nayo lazima ipigwe, imfikie, aielewe, ageuke, ajue pa kukimbilia, ndipo anyanyue mguu. Sekunde ya kwanza imekwisha kabla hajaanza. Ndiyo maana mkwezi anayejua kazi yake hupaza sauti kabla ya kuangua, si baada ya nazi kuchomoka, na hagusi shada mpaka amewaona watu wamesogea. Hesabu inamuunga mkono kabisa.

Tuiangalie hesabu yenyewe, taratibu.

Kitu kikiachiwa, dunia hukivuta, na haikivuti mara moja ikakiacha. Hukivuta muda wote kinapokuwa hewani, kwa hiyo kasi yake haitulii. Kila sekunde inayopita, kasi huongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde. Kinapoanza, kasi ni sifuri. Sekunde 1 ikitimia, kasi imefika mita 9.8 kwa sekunde. Zikitimia 2, imefika 19.6. Zikitimia 3, imefika 29.4. Kupata kasi, basi, ni kuzidisha muda kwa 9.8, hakuna zaidi.

Umbali ndio unaotaka utulivu kidogo. Katika sekunde ya kwanza, nazi ilianza na kasi ya sifuri ikaishia na 9.8. Wastani ni 4.9, kwa hiyo imeshuka mita 4.9. Sasa chukua sekunde 2 kwa jumla: kutoka sifuri hadi 19.6, wastani ni 9.8, na imekwenda kwa wastani huo kwa sekunde 2, ndizo mita 19.6. Chukua sekunde 3: wastani 14.7, mara 3, unapata mita 44.1. Umeona kilichotokea? Muda umeingia katika hesabu mara mbili. Umeingia kwanza kwa kuongeza kasi, ukaingia tena kwa kurefusha safari. Kwa hiyo kanuni ni hii: zidisha muda kwa muda, kisha zidisha kwa 4.9. Kama huna karatasi wala kikokotoo, weka 5 badala ya 4.9, jibu litakosea kwa asilimia 2 tu. Sekunde 2: mbili mara mbili ni nne, mara tano, mita 20. Sekunde 4: nne mara nne ni kumi na sita, mara tano, mita 80. Muda umekuwa mara mbili, umbali umekuwa mara nne.

Na ukizipanga sekunde moja moja, utaona jambo zuri zaidi. Sekunde ya kwanza, mita 4.9. Sekunde ya pili peke yake, 14.7. Ya tatu peke yake, 24.5. Ya nne, 34.3. Sasa gawa kila moja kwa 4.9: unapata 1, 3, 5, 7. Namba witiri, kwa mpangilio wake, bila kuruka hata moja. Binafsi sijapata kuona mahali pengine ambapo maumbile yanahesabu waziwazi kiasi hiki. Na haijalishi unapima kwa sekunde, kwa mapigo ya moyo au kwa mapigo ya ngoma. Mradi vipande vya muda viwe sawasawa, masafa yatapangika kwa 1, 3, 5, 7.

Aliyeligundua na kulitangaza jambo hili ni Galileo Galilei wa Italia, aliyezaliwa Pisa mwaka 1564. Hadithi ya kwamba alidondosha mipira kutoka kwenye mnara uliopinda wa Pisa imetoka kwa mwanafunzi wake, Vincenzo Viviani, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka, kwa hiyo tusiikawilie. Kazi yake halisi inavutia kuliko hadithi hiyo. Zama hizo hapakuwa na saa ya kuaminika ya kupima sekunde, sembuse nusu sekunde. Kitu kinachoanguka wima kilikuwa kimeshafika chini kabla mtu hajajua apime nini. Galileo akaamua kuupunguza mwendo wa mwanguko wenyewe. Alichukua ubao mrefu, karibu mita 7, akauchonga mfereji mwembamba ubavuni, akaulainisha na kuutandika ngozi iliyosuguliwa vizuri, kisha akauinua upande mmoja upate mteremko. Juu yake akauviringisha mpira wa shaba nyeusi, mgumu na laini.

Saa yake ilikuwa maji. Chombo kikubwa kilijazwa maji na kuwekwa juu, chini yake kikiwa na mrija mwembamba. Mpira ulipoachiwa, maji yaliruhusiwa kutiririka kwenye bilauri, na ulipofika mwisho, yalikatwa. Kisha maji yale yalipimwa kwenye mizani nyeti. Uzito wa maji ndio uliokuwa muda. Alirudia na kurudia, na kila mara aliona kwamba mpira ukiviringika robo ya ubao, unatumia nusu ya muda wa ubao mzima. Akageuza ukali wa mteremko, kanuni ikabaki ile ile. Mambo haya yalichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, wakati yeye yuko kizuizini nyumbani kwake karibu na Firenze kwa amri ya Kanisa, na macho yake yamekwisha kupofuka.

Kabla yake, wasomi wengi walishika fundisho la Aristotle kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi kadiri ya uzito wake. Si kwamba hakuna aliyepinga. Katika karne ya 6, kule Aleksandria nchini Misri, John Philoponus aliandika kwamba ukiachia vitu viwili kwa pamoja, kimoja kizito mara nyingi kuliko kingine, tofauti ya muda wao wa kufika chini ni ndogo mno. Ni miaka elfu moja kabla ya Galileo.

Lakini mtu ninayempenda zaidi katika habari hii ni mpinzani wake Galileo. Giovanni Battista Riccioli alikuwa padri Mjesuti wa Bologna, tena asiyekubali fundisho kwamba dunia inalizunguka jua. Angeweza kuzikataa namba za Galileo kwa chuki tu, ikaisha. Badala yake alitaka kupima. Kwanza alihitaji saa, akatumia pendulumu, uzi wenye kitu kizito kinachobembea. Ili ajue kila mbembeo unachukua muda gani, yeye na mapadri wenzake walikaa wakaihesabu mibembeo kwa saa 24 mfululizo, mchana kutwa na usiku kucha, wakipokezana. Kisha walipanda mnara wa Asinelli, wenye urefu wa mita 97, wakaachia mipira kutoka ghorofa mbalimbali huku wenzao wakihesabu mibembeo kwa sauti. Matokeo aliyachapisha mwaka 1651: namba zilikuwa 1, 3, 5, 7, kama alivyosema Galileo. Akaandika hivyo. Nikimfikiria padri yule anayehesabu mibembeo usiku wa manane ili athibitishe neno la mtu asiyekubaliana naye, ninamheshimu sana.

Msikilizaji, hesabu hii unaweza pia kuigeuza. Ukiwa na umbali, unapata muda: gawa umbali kwa 4.9, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jaribu nyumbani ukiwa na rula ya sentimita 30. Mwenzako aishike juu, wima, sifuri ikiwa chini. Wewe weka kidole gumba na cha shahada pande mbili za sifuri bila kuigusa. Aiachie bila kukuambia, nawe uidake. Tuseme umeidaka penye sentimita 20. Hiyo ni mita 0.2. Gawa kwa 4.9, unapata 0.041, na kipeuo chake cha pili ni 0.2. Umetumia sehemu ya tano ya sekunde tangu macho yalipoona mpaka vidole vilipofunga. Ukidakia penye 15, ni sekunde 0.17. Rula yenyewe imekuwa saa. Sasa badala ya rula tumia noti, vidole vyako viwe katikati yake. Nusu ya noti ni kama sentimita 7, na sentimita 7 huisha kwa sekunde 0.12. Hata mwenye vidole vyepesi haiwahi, isipokuwa kwa kubahatisha.

Kama unataka kujua kina cha shimo refu au kisima kikavu kilichoachwa, achia jiwe dogo na uhesabu mpaka usikie kishindo. Kisima ambacho watu wanachota maji usikitupie kitu. Sekunde 3 zinakupa mita 44, lakini hapo kuna ujanja wa kuzingatia: sehemu ya muda huo haikuwa ya jiwe kushuka, ilikuwa ya sauti kupanda. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukilisawazisha hilo, jiwe limeanguka kwa sekunde 2.88 hivi, na kina ni karibu mita 41. Kwa shimo fupi tofauti hiyo haina uzito, kwa shimo refu inakupotosha.

Nirudi kwenye hatari, maana miji yetu inapanda juu kila mwaka. Fundi akidondosha tofali au nyundo kutoka mita 10, yaani kama ghorofa ya tatu, kitu hicho kinafika chini kwa sekunde 1.4, kikiwa na kasi ya mita 14 kwa sekunde. Zigeuze ziwe kilomita kwa saa: ni 50. Ndiyo kasi ya juu ambayo sheria ya Tanzania inaruhusu gari katika maeneo wanakoishi watu. Kutoka mita 30 kasi inafika kama 87. Huhitaji ghorofa 10 ili kitu kiue. Ghorofa ya tatu inatosha, na hata ya kwanza si salama. Saidia fundi anayepita chini bila kofia ngumu eti jengo bado halijafika mbali, anajidanganya, na msimamizi anayemwona akanyamaza ana lawama kubwa zaidi. Kofia nayo ina kikomo chake. Kinachookoa zaidi ni kuzungushia uzio eneo la chini, kufunga zana kwa kamba, na kuweka ubao wa kuzuia vitu ukingoni mwa jukwaa, kwa sababu hakuna mtu wa kukwepa kitu ambacho kwa sekunde moja ya mwisho kinashuka karibu mita 10 au zaidi.

Hiyo 9.8 niliyoitumia si namba moja kwa dunia nzima. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, akiwa na saa ya pendulumu iliyorekebishwa vizuri Paris. Kule Cayenne saa ikawa inachelewa kama dakika 2 na nusu kila siku, mpaka akalazimika kuifupisha pendulumu. Isaac Newton akaeleza sababu. Dunia inazunguka, na kwa kuzunguka imetuna kiunoni. Aliye ikweta yuko mbali zaidi na kitovu cha dunia, kwa kilomita 21 hivi kuliko aliye kwenye ncha, na mzunguko wenyewe unampunguzia uvutano kidogo. Kwa hiyo kwetu huku, namba ni 9.78, na kwenye ncha za dunia ni 9.83. Jiwe linaloanguka kwa sekunde 3 hapa Afrika Mashariki linaachwa nyuma na lile la kule kwa zaidi kidogo ya sentimita 20.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba hewa haipo. Kwa nazi, tofali na jiwe, katika sekunde mbili tatu za mwanzo, kosa ni dogo. Kwa jani, karatasi na tone la mvua, kanuni haifai, kwa sababu hewa hukinza, na kadiri kasi inavyozidi ndivyo ukinzani unavyozidi, mpaka unalingana na uzito wa kitu, na kasi inaacha kuongezeka. Tufanye hesabu ya masika. Tone likianguka kutoka wingu lililo juu kilomita 2, bila hewa lingetufikia likiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Hakuna paa la makuti wala jani la mgomba ambalo lingesalimika. Kwa sababu ya hewa, matone makubwa kabisa hayavuki sana kilomita 30 kwa saa. Mwanadamu aliyeruka kutoka kwenye ndege, kabla ya kufungua parachuti, hutulia kwenye kilomita 200 hivi kwa saa.

Ukitaka kuiona kanuni ikiwa safi, nenda pasipo hewa. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama juu ya mwezi akiwa na nyundo mkono mmoja na unyoya wa kozi mkono wa pili. Akaviachia pamoja mbele ya kamera. Vilishuka sambamba vikagusa vumbi kwa wakati mmoja. Na vilishuka polepole, kwa muda wa zaidi kidogo ya sekunde moja, maana uvutano wa mwezi ni kama sehemu ya sita ya uvutano wa dunia.

Na mwezi wenyewe? Unaanguka pia. Newton ndiye aliyelitambua hilo, akalithibitisha kwa hesabu ile ile ya nazi katika kitabu chake cha 1687. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara 60 kuliko sisi tulio juu ya ardhi. Uvutano hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kwa hiyo kule umepungua mara 60 mara 60, yaani mara 3,600. Katika sekunde moja mwezi unaanguka kuelekea kwetu milimita 1.4 tu. Sasa upe dakika moja. Dakika ni sekunde 60, na muda unazidishwa kwa wenyewe: 60 mara 60, ni 3,600. Zile 3,600 mbili zinafutana. Mwezi kwa dakika moja unaanguka mita 4.9, sawa na nazi kwa sekunde moja. Haufiki chini kwa sababu huku unaanguka, unakwenda pia kando, kama kilomita 1 kila sekunde.

Setilaiti nazo zinaishi kwa kanuni hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, na kwa heshima hiyo setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Ilipaa zaidi ya kilomita 500 juu, ambako uvutano umepungua kidogo tu. Ukiingiza namba za kule katika kanuni yetu, utaona kwamba kila sekunde ilianguka mita 4 na kidogo. Lakini katika sekunde hiyo hiyo ilikwenda mbele zaidi ya kilomita 7, na kwa umbali huo ardhi, kwa kuwa ni mviringo, nayo inakuwa imejipinda kwenda chini kwa kiasi kile kile cha mita 4 na kidogo.